Beji ya Fundi Barafu

"Hiyo beji imeshachukuliwa."

"Imechukuliwa na nani?"

"Na mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi hapa."

"Kaka, mwenyewe ameingia tangu asubuhi. Amesaini, amepewa mkoba, amepewa fulana, na biskuti amekula. Sasa wewe ni mwenyewe wa wapi?"

"Dada, nisikilize vizuri. Fundi Barafu ni mimi. Hakuna mwingine."

"Nimekusikia. Na mimi nakwambia, Fundi Barafu yuko ndani."

"Basi niitie huyo aliye ndani aje tutazamane usoni."

"Mimi naandikisha watu, siiti watu. Sogea pembeni, unaziba foleni."

Foleni ikacheka. Fundi hakucheka.

Kama gazeti la wiki jana mlifungia sabuni, si neno, nawakumbusha haraka haraka. Tulimwacha Fundi mlangoni mwa ukumbi wa hoteli, kwenye mkutano wa wanablogu, anaambiwa na binti wa mezani kwamba jina lake limeingia ndani bila yeye. Leo bado yuko pale pale, na jasho limeongezeka.

Na huyu si mtu wa mikutano. Ni fundi wa friji. Blogu yake aliianza akiwa anasubiri gesi ijae kwenye friji za watu. Amekuja na basi, kiti cha nyuma kabisa, begi mapajani, na shati moja lililopigwa pasi ambalo alilivaa chooni pale stendi. Umaarufu hakuujali. Alikuja kutafuta shahidi.

Mkewe aliondoka nyumbani miezi minne iliyopita. Fundi alipomfuata kwao hakufunguliwa hata mlango. Mke alisemea dirishani: "Uliwasikiliza marafiki zako wa kwenye simu. Nenda kaishi nao."

Mwingine hapo angepiga magoti. Fundi akapata wazo. Kuna mwanablogu mmoja mkubwa, anajiita Binamu wa Wote. Miaka mitatu huyu bwana hajakosa kuandika neno chini ya makala ya Fundi, hata moja. Na siku ile mke anafungasha, ni Binamu wa Wote aliyetoa ushauri. Basi Fundi akasema, nitamtafuta Binamu uso kwa uso, nitampigia mke wangu simu mbele yake, naye atasema: shemeji, mumeo si mjinga, ni sisi tuliomshauri, mrudie. Hilo tu. Hakuwa na mpango mwingine.

Mnaona alivyokuwa amefika mwisho wa kamba.

"Kuna nini hapa, malkia wangu wa meza?"

Sauti nene. Fundi akageuka. Mbele yake kulikuwa na tumbo, na juu ya tumbo beji: BINAMU WA WOTE. Kwenye mtandao picha yake ni ya kijana mwembamba mwenye kofia. Kofia ndiyo hiyo hiyo. Kijana mwembamba sijui walimwacha wapi.

Moyo wa Fundi ukaruka kama injini ya friji kuukuu ikiwashwa.

"Binamu," akasema. "Ni mimi."

"Wewe nani, ndugu yangu?"

"Fundi Barafu."

Binamu akamtazama kuanzia viatu kwenda juu, akafika usoni, akarudi tena kwenye viatu.

"Fundi Barafu nimetoka kunywa naye chai sasa hivi," akasema. "Meza ya dirishani. Mwanamke mtulivu, hana makuu."

"Mwanamke?"

"Na sisi tulishangaa. Miaka yote hiyo tunasema mkuu, mkuu, kumbe ni dada. Anaandika kama mwanaume kabisa. Kipaji hicho."

Binti wa mezani akafungua mikono, kama kusema, si nilikwambia.

Fundi akamshika Binamu mkono wa shati. "Niulize. Niulize kitu chochote nilichoandika. Hata cha miaka mitatu iliyopita, nitakujibu sasa hivi. Huyo aliye ndani hawezi. Uliza."

Binamu wa Wote akakohoa. Akaangalia dari. Akaangalia kofia za watu.

"Hatuna haja ya kufika huko," akasema. "Malkia, mpe huyu kikaratasi cha mgeni aingie. Wakae wamalizane wenyewe. Sisi ni familia moja."

Binti akang'oa kikaratasi cha gundi, akakibandika kwenye lile shati la pasi. Kimeandikwa MGENI, kwa herufi kubwa.

Basi Fundi akaingia mkutanoni, akiwa mgeni wake mwenyewe.

Ndani walikuwa wamejaa. Kama hujawahi kuingia mkutano wa watu wanaojuana kwa mtandao tu, nikupe siri: hawasalimiani kama watu. Mtu anakutazama kifuani kwanza. Akisoma beji yako na kukujua, ndipo macho yanapanda usoni, meno yanatoka, mikono inafunguka. Asipokujua, macho yanabaki kifuani, kisha yanahama kwenda kifua kingine.

Fundi alipita katikati yao. Aliwaona mmoja mmoja. Kulikuwa na yule wa mapishi aliyemwombea mwezi mzima alipokuwa mgonjwa, na yule wa mashairi aliyewahi kumwandikia "wewe ni ndugu yangu wa damu." Wote walisoma kifua. MGENI. Macho yakahama.

Ndugu wa damu akamwomba asogee kidogo, anapiga picha.

Kule dirishani, mwanamke mmoja alikuwa amesimama, amewapa mgongo. Alikuwa ameinua upindo wa pazia, anaukagua kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayehesabu makosa ya mwenzake.

Fundi akasimama ghafla. Mume hata awe mjinga vipi, mgongo wa mkewe anaujua. Na huyu mkewe ni mshona mapazia. Hawezi kuingia chumba cha watu bila kukagua pindo.

"Mke wangu."

Hakushtuka. Hakugeuka hata. "Umechelewa, Fundi. Chai imekwisha."

Tangu wachumbiane alimwita Fundi. Hata sasa.

"Umevaa jina langu," Fundi akasema.

Akageuka. Kifuani, kwenye kamba ya bluu, FUNDI BARAFU.

"Miaka mitatu wewe umevaa maisha yangu, unayatembeza mtaani," akasema. "Mimi nimevaa kikadi asubuhi moja tu, umekuja unatetemeka."

Binamu wa Wote alikuwa amewafuata, maana watu wa namna ile hawaachi ugomvi upite hivi hivi. Akavuta kiti, akakaa.

"Subirini kwanza," akasema. "Dada Fundi, huyu ni nani yako?"

"Huyu ni mume wangu. Fundi Barafu ndiye yeye."

"Na wewe?"

"Mimi ni yule mke."

"Mke yupi?"

"Wa kwenye makala."

"Makala zipi?"

Mwanamke akamtazama yule bwana kwa muda. Kisha akamtazama mumewe. Fundi akajipa moyo. Akasema moyoni, mtu mkubwa huyu, ana mambo mengi, amesahau tu. Nitamkumbusha.

Akavuta kiti naye, akakaa. Mkewe alibaki amesimama.

"Binamu, huyu ndiye shemeji yako," Fundi akasema. "Nimekuja umwambie kitu kimoja tu. Mwambie ulinishauri nini ile Jumapili."

"Nilikushauri?"

"Ile Jumapili mchana. Alipokuwa anafungasha."

"Ndugu yangu, mimi na Jumapili..."

Fundi akatoa simu. Kioo kimepasuka, kimekaa kama utando wa buibui, lakini yeye alishazoea kusoma kati ya nyufa. Akasoma kwa sauti:

"'Wapendwa, nimekaa sebuleni kwenye kile kiti cha plastiki. Mke wangu yuko chumbani anafunga begi. Naomba ushauri wa haraka. Niingie nimzuie, au nimwache aende kwao akatulie?'"

Akashusha kidole.

"Na wewe ukajibu wa kwanza. Dakika haikuisha. 'Safi sana mkuu. Endelea hivyo hivyo, tuko pamoja.'"

"Basi nikaendelea hivyo hivyo," Fundi akasema. "Nilikuwa nimekaa. Nikaendelea kukaa."

Mkewe alifumba macho.

Binamu wa Wote hakujua aweke wapi uso wake. Kwanza alitabasamu, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna anayetabasamu, akavua kofia, akaipepea, akairudisha.

"Ndugu yangu," akasema kwa upole, na ule upole ndio uliouma zaidi. "Ngoja nikuonyeshe kitu."

Akatoa simu yake. Akafungua mahali anapohifadhi maandishi, akaiweka mezani.

Safi sana mkuu. Endelea hivyo hivyo, tuko pamoja.
Umenena kweli tupu, barikiwa.
Nimejifunza mengi hapa, usichoke.

Zilikuwa nyingine tatu chini yake.

"Ni hizi sita," Binamu akasema. "Asubuhi nikiamka nazungusha. Huyu namwekea hii, yule namwekea ile. Wakiniona kwao, nao wanakuja kwangu. Nitembelee nikutembelee. Ndivyo wote tunavyoishi humu. Nikisema nisome kila mtu, nitaoga saa ngapi?"

"Hukusoma."

"Juzi juzi nimemwekea mtu 'safi sana mkuu' kwenye habari ya msiba wa baba yake. Na akanishukuru."

"Hata moja hukusoma."

"Kwani wewe zangu ulisoma?"

"Zote," Fundi akasema. "Ile ya simu zinazoingia maji. Ile ya safari yako ya ziwani. Ulivyolala kituoni na mbu."

Binamu wa Wote akashika paji la uso. "Ziwani? Ziwani sijawahi kufika, ndugu yangu. Hiyo niliokota mahali."

Hapo sasa ndipo mngemwona mtu akizeeka ameketi. Mabega yalishuka. Shati la pasi likaonekana kubwa. Shahidi aliyemfuata siku nzima kwa basi hakuwa shahidi wa kitu chochote, na hata ziwa lake lilikuwa la mtu mwingine.

Na bado yalikuwa hayajaisha.

"Siku ile kulikuwa na maoni mengine," mkewe akasema. "Chini ya haya ya bwana huyu. Unayakumbuka?"

"Hayakuwepo."

"Yalikuwepo, Fundi."

"Labda yule mkorofi. Anajiita Jirani. Alinisumbua sana yule, kila nikiandika ananikosoa. Mara 'hayo umemuuliza mkeo?' Mara 'mambo ya ndani yaache ndani.'"

"Siku ile aliandika nini?"

Fundi akafikiri. Alikuwa anakumbuka vizuri, na ndiyo maana alichukua muda.

"'Inuka kwenye hicho kiti.'"

"Na nini tena?"

"'Uingie chumbani.'"

"Ukamfanya nini?"

"Nikafuta. Nikamfungia asiandike tena." Akatazama juu. "Kwa nini unaniuliza habari za Jirani?"

Swali likamtoka mdomoni, na kabla halijafika chini alikuwa na jibu. Niliwaambia huyu ni fundi. Fundi akisikia mlio mmoja tu anajua kilichokufa.

"Nilikuwa nimekaa kitandani," mkewe akasema. Sauti haikupanda. "Begi lilikuwa limefungwa zamani. Nilikuwa naifungua zipu na kuifunga, naifungua na kuifunga, ili uisikie. Hukusikia. Nikasema, huyu masikio yake yamehamia kwenye simu, ngoja nimfuate huko huko. Nikakuandikia. Nikasubiri. Ikaniletea maandishi: huruhusiwi kutoa maoni kwenye ukurasa huu."

Binamu wa Wote alikuwa ameacha kupepea.

"Ukuta mmoja, Fundi. Nilikuwa nasikia kiti kikilia ukijiweka sawa."

"Ungeniita," Fundi akasema kwa shida. "Ungeniita tu kwa mdomo."

"Miaka mitatu nilikuita kwa mdomo. Ulikuwa unasema subiri, namalizia."

Jibu la hilo, hata mimi ninayewasimulia nimelitafuta, sijaliona.

Kule mbele, mshereheshaji alikuwa anagonga maikrofoni kwa kidole, tuk, tuk, anawaomba watu wakae. Viti vikaburutwa. Fundi akaona nafasi, akaikimbilia vibaya.

"Lakini umekuja," akasema. "Umepanda basi, umekuja. Kama moyo ungekuwa umekwisha usingekuja. Mimi nimekosa, nakubali, nimekosa sana, mama. Twende nyumbani. Simu nitaitupa."

"Sikuja kukufuata."

"Basi umefuata nini?"

"Kitanda Kidogo."

Mkumbuke hicho kitu. Nilikigusa kwenye gazeti la wiki jana, sasa nakisema chote.

Fundi na mkewe walitarajia mtoto. Fundi alitengeneza kitanda kwa mikono yake, pande zake ni zile rafu za waya za friji mbovu, akazinyoosha, akazilehemu, akazipaka rangi nyeupe mpaka huwezi kujua. Mtoto hakufika. Alikuwa wa miezi saba, wakarudi kutoka hospitali mikono mitupu. Kitanda kikaenda karakana, siku hizi kinawekewa mipira ya milango ya friji.

Walikubaliana wawili, mlango umefungwa, kwamba hilo litabaki lao. Hata jina walilokuwa wamelichagua hawakumwambia mtu.

Wiki mbili baadaye Fundi aliandika yote. Kitanda, hospitali, jinsi mkewe alivyokuwa akilala na shuka dogo usoni. Na jina. Kabla ya hapo aliwahi kuandika jinsi ya kusafisha friji inayonuka, wakasoma watu wachache, wengi wao yeye mwenyewe akirudi kuangalia. Kitanda Kidogo walisoma maelfu. Mama mzazi wa Fundi alilisoma jina la mjukuu wake kwenye simu ya mwuza mkaa.

Jumapili iliyofuata ndiyo ile ya begi.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," mkewe akasema. "Wewe ulikuwa kata yangu, Fundi. Ukaenda kuyamwaga maji yetu barabarani, ukasimama kuangalia nani anakanyaga."

"Nilikuwa naumia na mimi."

"Najua uliumia. Ungeumia kwangu."

Akashusha pumzi, akakaribia meza.

"Leo wanatoa tuzo ya makala ya mwaka. Na inayoshinda wanaisoma jukwaani, yote, mwanzo mpaka mwisho. Wameiweka yako kati ya tatu. Ulijua?"

Fundi alijua. Alijua tangu mwezi uliopita, na hakumwambia mtu. Kuna kona moja ya moyo wake ilikuwa imewaza kwamba mkewe akisikia makofi, atalainika. Ndiyo, alifikiri hivyo, msinitazame mimi.

"Nilikuja asubuhi kuwaomba waiondoe," mkewe akasema. "Wakaniambia hakuna anayeweza kuiondoa ila mwenye blogu. Nikasema basi mwenye blogu ni mimi. Wakanipa beji bila kuniuliza swali. Wakaniambia kama ni yako, ifute tu, ikifutwa hatuna cha kusoma. Lakini neno la siri ulilibadilisha."

"Nililibadilisha kwa sababu ya Jirani."

"Najua ni kwa sababu ya Jirani." Akasogeza ile simu ya kioo kilichopasuka mpaka chini ya pua ya mumewe. "Futa. Sitaki kingine. Sirudi, nisikudanganye. Lakini ukifuta, siku moja nikikukuta njiani nitakusalimia."

Ilikuwa ofa ndogo, lakini tangu afukuzwe kwa maneno ya dirishani kule kwao mke, ndiyo pekee aliyopewa.

Akafungua. Neno la siri akakosea, akarudia, likakubali. Makala zikajipanga. Akashusha kidole hadi Kitanda Kidogo. Akabonyeza alama ya pipa la taka.

Simu ikamwuliza: Una uhakika unataka kufuta?

Chini yake, Ndiyo na Hapana.

Kidole gumba kikasimama hewani. Jukwaani mshereheshaji alikuwa ameshatangaza wa tatu, makofi yakapita. Akatangaza wa pili, makofi yakapita tena. Kila mtu anayejua kuhesabu alijua nani amebaki.

"Mkuu," Binamu wa Wote akanong'ona. "Samahani naingilia. Lakini kwa nini usiache wasome kwanza? Ni dakika chache tu. Uchukue tuzo yako, ufute jioni. Itakuwa imefutwa vile vile."

Sasa hapa sikilizeni vizuri, maana kilichotokea ni kidogo sana na wengine ukumbini hawakukiona.

Fundi hakubonyeza Hapana. Hakubonyeza Ndiyo. Aliinua uso kutoka kwenye simu, akamtazama Binamu wa Wote. Alimtazama yule yule bwana wa sentensi sita, aliyeokota ziwa la watu, kwa macho ya mtu anayeuliza: unaonaje?

Basi. Hakufanya kingine.

Mkewe aliyaona macho yale. Aliyajua. Ndiyo macho yaliyokuwa yamekaa sebuleni kwenye kiti cha plastiki.

"Bado unauliza watu," akasema.

"Hapana, nilikuwa tu..."

"Umekaa, Fundi. Angalia. Tangu tuanze kuongea, umekaa."

Alikuwa amekaa kweli. Na kioo cha simu, kwa kukosa kuguswa, kikazima, na lile swali likiwa ndani.

"Na makala ya mwaka," mshereheshaji akasema, akivuta maneno ili watu wapate hamu, "iliyotutoa machozi sote, iliyotufanya tukumbuke kwamba nyuma ya kila blogu kuna mtu na nyumba yake. Kitanda Kidogo. Na mwandishi wake tunaye humu ndani. Fundi Barafu, uko wapi? Simama tukuone."

Ukumbi mzima ukageuka. Wakafanya kile wanachofanya siku zote. Wakatazama vifua.

Walimfikia Fundi. MGENI. Macho yakahama.

Yakamfikia mwanamke wa dirishani. Yakasoma. Yakapanda usoni, meno yakatoka, mikono ikafunguka. Yule wa mapishi akapiga kelele za furaha. Ndugu wa damu akainua simu apige picha. Hata Binamu wa Wote, aliyejua ukweli wote, mikono yake ilishazoea, ikaanza kupiga makofi yenyewe.

Fundi akajaribu kuinuka. Goti likagonga meza, vikombe vikalia.

Mkewe akamwekea mkono begani. Kwa mtu wa mbali ingeonekana kama mapenzi. Akamrudisha kitini taratibu, kama unavyomrudisha mgonjwa.

"Kaa, Fundi," akasema. "Endelea hivyo hivyo."

Akaiweka sawa kamba ya bluu shingoni, akamgeuzia mgongo, akaondoka. Mlango ulikuwa kushoto. Yeye alishika kulia, kuelekea jukwaani, katikati ya viti na makofi, beji ikimgonga kifuani kila hatua, na mshereheshaji kule juu alikuwa ameshamnyoshea maikrofoni.